Mto Unaosogea Kabla ya Kura

Nilipoamka, mto ulikuwa umekwisha kusogea.

Sikuuona ukisogea. Hakuna aliyewahi kuuona. Jana yake, kwa mujibu wa Idara ya Mabonde, ulipita chini kabisa ya dirisha letu, na kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa ndani ya maji, ingawa sakafu ilikuwa kavu na kuku walikuwa wakiparua vumbi uani. Asubuhi hiyo, kwa mujibu wa Idara hiyo hiyo, mto ulikuwa umehamia mbali, nyuma ya mashamba ya mpunga, na sisi tulikuwa watu wa nchi kavu. Ile X nyekundu waliyotuchorea ukutani ilikuwa imepakwa chokaa. Nikaigusa, chokaa ikanibaki kidoleni. Nikajua kwamba mimi si mvamizi tena. Nilikuwa mwananchi.

Usinicheke, wewe unayesoma. Huko kwenu pengine mtu huzaliwa kitu kimoja akafa kitu hicho hicho. Katika bonde letu hakuna miaka. Tunayo majira mawili tu: Majira ya Kuombwa na Majira ya Kusahauliwa, na kati yake imesimama siku moja nyembamba, siku ya kura. Katika Kuombwa tunaamkiwa. Wataalamu wanashuka na kamba zao, wanapima, wanagundua kwamba mto uko mbali, kwamba udongo wetu ni imara, kwamba watu kuishi bondeni si hatari bali ni urithi. Katika Kusahauliwa wataalamu hao hao wanarudi na kamba hizo hizo, na mto uko mlangoni. Hakuna anayesema uongo. Nimewatazama machoni. Wanapima kwa moyo mweupe na wanaandika wanachokiona.

Ndiyo maana swali langu si la hasira. Ni swali la mtu asiyelala: je, kura ndiyo inayosogeza mto? Au mto una nyakati zake, na kura, kwa bahati tu, huangukia humo? Chura hulia mvua ikikaribia, na hakuna mwenye akili atakayesema chura ndiye aliyeinyesha. Pengine Idara ni chura. Pengine mahali fulani juu, pasipofikiwa na macho yetu, kuna mawingu halisi, na Idara inayanusa tu, ikalia. Lakini pengine hakuna mawingu. Pengine kuna chura peke yake, analia, na sisi tukimsikia tunaanua nguo. Nimeligeuza swali hili mpaka limenichakaza. Ukijua kinachosogeza mto, utajua wewe ni nani mto ukirudi. Usipojua, utaitwa jina lolote utakaloitwa, na utaitika.

Na siku hizo nilikuwa na sababu ya kutaka jibu upesi. Mama yangu, Bi Siwatu, alikuwa anakufa, na alikuwa anakufa polepole.

Baba amelala uani kwetu, upande wa mpapai, na kichwani pake pana kigingi cheupe cha Idara. Hiyo ndiyo sheria pekee isiyobadilika katika bonde: kaburi lililopigiliwa kigingi cheupe wakati wa Kuombwa haliguswi, hata mto ukirudi, hata nyumba zote zikilala chini. Wafu ndio watu pekee ambao Idara haijawahi kubadili nia juu yao. Lakini anayekufa katika Kusahauliwa hazikwi bondeni. Anapandishwa mlimani, kwenye makaburi yenye namba, kati ya watu asiowajua. Mama alitaka kulala karibu na baba. Hakutaka kitu kingine chochote duniani.

Kwa hiyo katika bonde letu watu wamejifunza kuwahi. Kuombwa kukiingia, utaona harusi tatu katika uchochoro mmoja, utasikia vigoma vya jando, utaona kila mtu anajenga choo. Na wagonjwa wetu, niseme nini, wagonjwa wetu hufa. Hakuna anayewalazimisha. Jirani anaingia na uji, anakaa kitandani, anazungumza habari za kura, za jinsi siku zinavyokimbia. Mgonjwa mwenye heshima zake anaelewa. Anageukia ukutani, na baada ya muda mfupi tunapigilia kigingi cheupe, na watu wanasema, marehemu alikuwa mtu mwenye kujali wenziwe.

Bi Kidawa, jirani yetu, aliyeshirikiana na mama ndoo na siri tangu wote wawili walipoolewa bondeni, ndiye aliyekuja na uji.

"Dada," alisema, akikoroga bila sababu, "Mzee Shomvi naye katutoka juzi."

"Nimesikia."

"Na mama Zuhura. Wamewahi wenzio."

Mama akamtazama. Mwili wake ulikuwa umekwisha, lakini macho yake yalikuwa bado yana ugomvi.

"Kidawa, sikuzaliwa kwa ratiba ya Idara. Na kufa nitakufa siku yangu. Nipe huo uji kabla haujapoa."

Nilicheka, Bi Kidawa akacheka, kisha nikatoka nje nikalia. Maana nilikuwa nataka afe. Nalisema wazi kwa sababu sioni namna nyingine ya kulisema. Nilimpenda mama kuliko kitu chochote, na kila asubuhi nilipomkuta anapumua nilishukuru, na papo hapo ndani ya shukrani kitu kilinong'ona: bado? Mtu mmoja anawezaje kuwa na mioyo miwili inayoombea vitu viwili kwa mama mmoja? Idara ilikuwa imefika mpaka humo. Ilikuwa imepitisha kamba yake kati ya mbavu zangu.

Afisa wa Idara, Bwana Ngoda, alikuja kutuamkia siku iliyofuata, na kofia yake mkononi.

"Shikamoo mama," alisema akiinama mlangoni.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyetuchorea ile nyekundu?"

"Mimi? Hapana, mama. Mimi huku ndiyo nafika mara ya kwanza."

Ilikuwa sauti ile ile. Ulikuwa mwanya ule ule wa meno ya mbele, niliouona ukifunguka nyuma ya kipaza sauti katika Kusahauliwa kulikopita, ukituita wavamizi. Nikamtazama nikitafuta uongo usoni mwake, nikaukosa. Hakukumbuka. Hilo lilinitisha kuliko lile tingatinga lao la kubomolea nyumba.

"Bwana Ngoda," nikamwambia, "nisaidie jambo. Hii kura ndiyo inayosogeza mto?"

Alicheka, akanipiga bega. "Kaka yangu, sisi Idara hatuna siasa. Wataalamu wamepima. Kura iwepo isiwepo, mto ni mto. Jogoo liwike lisiwike, kutakucha."

"Mbona basi huku kwetu hakukuchi mpaka liwike?"

Akakunja uso, si kwa hasira. Alikuwa kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichokifuata. "Utaratibu umebadilika," alisema mwishowe. "Kwa kawaida utaratibu hubadilika." Kisha akamtakia mama afya njema, na nilijua kwamba alimtakia kwa dhati.

*

Siku zikaenda. Mama hakufa.

Siku hazikwenda moja moja. Zilikwenda kwa mafungu, au zilirudi nyuma usiku kutazama kama tumelala, kisha zikakimbia. Nilimsikia baba akikohoa upande wa mpapai. Nilimwona Bi Kidawa akiwa msichana, kabeba ndoo, akinipita bila kunitambua. Mama alikuwa anapumua. Uchochoroni walikuwa wanapita na magari ya nyimbo, na kila wimbo uliahidi kwamba mto hautarudi tena, na mama alikuwa anapumua. Nani amesema uhai ni neema? Nani amewahi kuuliza neema hiyo inaisha tarehe ngapi? Siku moja kabla ya kura nilichukua jembe, nikaanza kuchimba.

Kwetu kumchimbia mtu kaburi akiwa hai ni kumlaani. Hata fundi wa makaburi hukataa kunoa jembe kabla ya roho kutoka. Nilijua. Nilichimba kando ya baba, na kila jembe lilipogonga ardhi nililisikia mgongoni mwangu.

"Chande," mama aliita kupitia dirisha. "Unachimba nini?"

"Choo, mama. Watu wote wanachimba."

 "Choo hakichimbwi kwa marefu," akasema.

Jua lilipoanza kulegea, Bwana Ngoda akaja. Ilikuwa zamu ya mwisho ya vigingi vyeupe; alikuwa navyo kwenye mkokoteni, na nyuma yake watu wa uchochoro wetu walikuwa wamesimama kutazama nani amewahi. Akaona udongo mbichi. Akasimama kwenye ukingo wa shimo lile tupu, akavua kofia.

"Hapa analala nani?"

Ningeweza kusema hakuna. Ningeweza kusema choo. Nilimtazama Bi Kidawa katikati ya watu, naye akatazama chini.

"Mama yangu," nikasema.

"Katutoka lini?"

"Alfajiri ya leo."

Macho ya Bwana Ngoda yakalowa. "Mama yule," alisema. "Mama yule mcheshi." Akatwaa kigingi, akapiga magoti mwenyewe, akakipigilia kichwani pa kaburi kwa jiwe. Na alipokuwa anapigilia, ndani ya nyumba, nyuma ya dirisha lililokuwa wazi, mama akakohoa.

Jiwe likasimama hewani. Bwana Ngoda akatazama dirisha, akanitazama mimi. Watu wote wakatazama ardhi. Kigingi kilikuwa kimeingia nusu, na sijui Idara ina utaratibu gani kwa kigingi cha nusu. "Poleni sana," akasema, akamaliza kupigilia.

Nilipoingia ndani, mama alikuwa ameketi kitandani. Sijui alipata wapi nguvu za kuketi.

"Chande."

"Naam, mama."

"Umeniua?"

"Nimekuwekea mahali, mama. Karibu na baba. Hakuna atakayekugusa."

"Sikukuuliza hilo," alisema.

*

Matanga yalikaliwa uani kwetu siku ile ile. Wakaja watu wa bonde zima, wakatandika mikeka, wanawake wakajitanda khanga, wanaume wakakaa wakichora vumbi kwa vijiti. Walilia, na hawakuigiza. Mtu akishaanza kulia hukumbuka wafu wake mwenyewe. Mama aliwasikia wote. Aliwasikia wakisimulia wema wake, na mara mbili akasahihisha kutoka ndani, kwa sauti, na hakuna aliyegeuza shingo.

Bi Kidawa aliingia ndani kuchukua sufuria. Mama akamwambia, "Kidawa, na wewe?" Bi Kidawa akasimama na sufuria kifuani, akageukia ukuta, akazungumza na ukuta.

"Nisamehe, dada. Nikikusalimia, kigingi chako kinang'oka. Kikishang'oka chako, watauliza cha Mzee Shomvi, watauliza cha mume wangu. Vitang'oka vyote." Akajifuta kwa pembe ya khanga. "Na uji nilioupika leo ni wa matanga. Siwezi kukupa uji wa matanga yako."

Akatoka. Mama akatazama mlango kwa muda mrefu. Nilidhani atanitukana. Badala yake aliomba maji.

Asubuhi yake, siku ya kura, alitaka kwenda. Nikambeba mgongoni. Alikuwa mwepesi, na alikuwa na ghadhabu. Kwenye foleni watu walitupisha jinsi wanavyoipisha maiti. Binti aliyekaa mezani na kichupa cha wino alilitafuta jina la mama, akalipata, na lilikuwa limepigwa mstari.

"Marehemu hapigi kura," alisema kwa upole.

"Na aliye hai," mama akamuuliza juu ya bega langu, "akipiga, mto utabaki huko huko?"

"Bibi, mimi nahusika na wino tu."

Nami je? Nilikuwa na kura yangu. Nilisimama nyuma ya pazia, mbele ya sanduku la kura, karatasi mkononi, mama mgongoni, nikafikiri: hii ndiyo saa ambayo mto unaamua. Sasa hivi, bila shaka, chini ya miguu yangu, maji yameanza kugeuka. Nikiikunja karatasi hii, nitaisikia nyumba yangu ikianguka? Sikusikia kitu. Nilisikia pumzi ya mama shingoni, fupi fupi. Nikaitumbukiza karatasi.

*

Mto ulirudi.

Asubuhi X zilikuwa zimechorwa, nyekundu mbichi, na Bwana Ngoda alikuwa amesimama juu ya tingatinga na kipaza sauti. Hakuamkia mtu. "Wavamizi wote," alisema, na sauti ilikuwa ya mtu asiyewahi kufika huku. Wataalamu walikuwa wamepima. Maji yalikuwa mlangoni kwetu, na vumbi lililotimka kuta zilipoanguka lilikuwa zito kiasi kwamba hatukuonana.

Vumbi lilipotua, mama alikuwa ameketi kwenye mkeka uani, kati ya vigingi viwili vyeupe, na blanketi begani. Tingatinga lilikuwa limekwenda mpaka vigingini likageuza. Bwana Ngoda alishuka kukagua. Alimfikia mama, akamzunguka kwa uangalifu bila kumkanyagia mkeka, kama mtu anavyolizunguka kaburi, akaendelea na safari yake.

Watu wa bonde wakapanda mlimani na mabati yao vichwani. Sisi tukabaki. Nilifunga turubai kwenye mpapai, tukalala chini yake, baba upande mmoja, na upande wa pili lile shimo ambalo nilikuwa nimelifunika kwa milango ya nyumba yetu. Ardhi ya vigingi ndiyo pekee iliyokuwa halali katika bonde zima, na aliyeimiliki hii yetu ni mfu.

Na hapo mama akaanza kuishi. Sijui niseme vipi. Alikula. Aliomba papai na akalila lote. Alinisimulia jinsi baba alivyokuja kumposa na viatu vya kuazima vilivyombana, akaviacha mlangoni na kurudi kwao peku akiimba. Alisema hajawahi kumsamehe dada yake, na kwamba sasa amemsamehe, na kesho yake akasema hapana, bado. Aliniuliza kwa nini sikuoa. Nilimjibu ukweli, akanishika mkono.

"Hizi ndizo siku zangu," alisema jioni moja. "Idara haizijui. Nilikwambia nitakufa siku yangu."

"Umenisamehe?"

"Umenipa mahali ukaninyima watu, baba yangu. Nitakusamehe. Nisubiri kidogo."

Nikamuuliza na lile swali langu, maana sikuwa na mwingine wa kumuuliza. Akashangaa kwamba lilikuwa swali.

"Kinachosogeza mto? Mimi tangu nimeolewa hapa nachota maji pale pale. Hata jiwe la kukanyagia halijabadilika." Akaninyooshea kidole kuelekea chini ya mteremko. "Sikujua kama kuna mtu huenda kuuliza mahali pengine."

Alikufa mchana, jua likiwa kali, baada ya kuniambia nisogeze turubai limwage kivuli miguuni. Nilisogeza. Nilipogeuka alikuwa ametazama upande wa baba, na hakuwa na ugomvi tena machoni. Sikujua kama alikuwa amemaliza kunisamehe.

Nikapanda mlimani kuwaita watu. Niliwakuta wanasimamisha mabati, na Bi Kidawa anapepea moto wa kuni mbichi.

"Shikamoo, Bi Kidawa."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama amefariki."

Akaendelea kupepea. Moshi ulikuwa unamliza, au si moshi. Wanaume waliokuwa karibu waliweka nyundo chini, kisha wakaziokota.

"Pole, mwanangu Chande," alisema hatimaye. "Lakini msiba huo tumeshaukaa."

"Nahitaji watu wa kubeba. Nahitaji mtu wa kumwosha."

"Najua unahitaji." Akanitazama, na uso wake ulikuwa umevunjika vipande. "Tukishuka leo kumzika, tutakuwa tumemzika nani siku ile? Wapo Idara kule barabarani, wanatutazama. Mume wangu amelala kule, mwanangu. Nenda. Nenda kamzike mwenyewe, na mimi nitalia hapa hapa, nitasema ni moshi."

Nilishuka peke yangu. Nilimwosha uso na miguu kwa maji niliyoyachota penye jiwe lake, nikamvika khanga mbili alizokuwa akizihifadhi. Kwetu mazishi ni watu. Mmoja hushika kichwa, wengine kiuno, wengine miguu, na wawili huwa chini wakipokea. Sikuwa na wa kupokea. Nilimbeba mgongoni kama siku ya kura, nikateremka naye shimoni, nikamlaza, na kwa muda nikabaki nimelala kando yake, kwa sababu nilikuwa nimechoka na kwa sababu shimo lilikuwa na nafasi.

Kisha nikatoka. Desturi ni kwamba kila aliyekuja hutupa konzi zake za udongo kwa mkono kabla jembe halijaguswa. Nikatupa zangu. Nikatupa za Bi Kidawa, nikamtaja jina. Nikatupa za binti wa wino. Nikatupa za kila nyumba ya uchochoro wetu, nikiwataja mmoja mmoja, wakubwa na watoto, waliopanda mlimani na waliohama zamani, hata yule dada yake mama. Nilisita, kisha nikatupa na za Bwana Ngoda, maana siku moja alimlilia kwa dhati. Nilipomaliza majina ya bonde zima, kaburi lilikuwa halijafika hata nusu.